Saa 90, mikono miwili, na programu yangu iliyokosea

Nimepotea, najua. Wengine mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimehamia Nairobi nikaisahau Mombasa. Hapana, nipo hapa hapa kisiwani. Mchana naandika programu za watu, usiku naandika zangu. Kilichonipoteza ni kazi moja isiyokuwa na mteja wala malipo, na hiyo ndiyo nataka kuwasimulia leo. Wale mnaokuja hapa kusoma mambo ya hifadhidata nivumilieni. Kompyuta imo ndani ya kisa hiki, tena imeaibika kidogo.

Dada yangu mkubwa anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, pamoja na mama yetu na mwanawe wa kiume wa miaka 6. Shemeji yuko Doha, ni dereva. Dada anapika mahamri na mbaazi alfajiri, na jioni anakaanga viazi karai. Huyo mtoto ndiye mpwa wangu, na mimi ndiye mjomba wake wa pekee, kwa hiyo mnaelewa mzigo nilionao. Kwetu mjomba hakatai.

Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Uzazi wake ulikuwa mrefu na mgumu. Alipokuwa na miezi saba hivi dada aliona anachukua kila kitu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameukunja ngumi. Watu wakasema ah, huyo ni shoto tu, hata babu yake alikuwa shoto. Hapa nasimama kidogo kwa faida ya wazazi wanaosoma: mtoto kwa kawaida hachagui mkono kabla ya kutimiza mwaka. Ukimwona mtoto mchanga anautumia mmoja tu na kuusahau wa pili, usingoje, mpeleke akaangaliwe. Sisi tulingoja mpaka akawa na miaka miwili.

Mtindio wa ubongo si laana, hauambukizi, na wala si jini. Ni jeraha katika ubongo unaokua, linalotokea kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila mwili unaokua juu yake hubadilika. Tena si jambo la nadra. Watafiti waliohesabu watoto mashariki mwa Uganda, wilaya za Iganga na Mayuge, walikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Piga hesabu mwenyewe kwa mtaa wako.

Sasa fikiria tatizo la mtoto huyu katika nyumba ya Kiswahili. Mkono wake mbovu ni wa kulia. Lugha yetu yenyewe inasema: mkono wa kulia, mkono wa kulia chakula. Mtoto akipeleka tonge mdomoni kwa kushoto, sinia zima linatazama. Mama yetu alikuwa anamwambia, "Baba, mbona wala na kushoto?" Anajaribu, wali unamwagika kifuani, watoto wa jirani wanacheka. Siku moja nilipita nikakuta mama amemfunga mkono wa kushoto kwa leso, kiunoni, ili alazimike kula kwa kulia. Mtoto analia, dada analia jikoni, na mama mwenyewe macho yamemjaa maji. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Kila mtu alikuwa anajaribu.

Usiku ule sikulala. Nikafanya kile tunachofanya watu wa kompyuta tukishindwa: nikafungua mtandao nikaanza kusoma.

Kwanza nikagundua kwamba leso ya mama si wazimu. Kuna tiba inayofanana nayo. Mwanasayansi Edward Taub wa Marekani alianza kwa kuchunguza nyani, akaona kwamba mnyama ambaye mkono wake hauna hisia hujifunza kutoutumia kabisa, na ukizuia ule mzima ataanza tena kuutumia ule mwingine. Kutokana na hayo ikazaliwa tiba ya kuuzuia mkono mzima, kwanza kwa watu wazima waliopooza, kisha kwa watoto. Lakini tiba hiyo hufanywa kwa mpango, kwa michezo, kwa hatua ndogo ndogo, na mtaalamu akiwa karibu. Haifanywi mbele ya sinia la wali na watoto wa jirani.

Kisha nikakutana na ya pili, na hiyo ndiyo iliyonikamata. Jeanne Charles na Andrew Gordon, wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliieleza katika makala ya mwaka 2006. Wanaiita HABIT, yaani mafunzo makali ya mikono miwili. Hoja yao ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hukuifikiria wewe. Mtoto mwenye mkono mmoja mzima hana haja ya kuugeuza ule mbovu uwe hodari wa kila kitu. Mambo mengi ya maisha yanataka mikono miwili inayosaidiana: mmoja unashika, mwingine unafanya. Fungua chupa, funga kifungo, menya chungwa, kunjua karatasi. Kwa hiyo hawamfungi mtoto mkono. Wanampangia kazi ambazo haziwezekani kwa mkono mmoja, na kabla hajaanza wanakubaliana naye mkono upi utafanya nini. Anaanza kwa rahisi, na kila akishinda wanaongeza ugumu kidogo.

Jambo la pili ni wingi. Katika jaribio lao la mwaka 2007, watoto 20 walishiriki, na waliopewa mafunzo walifanya saa 6 kwa siku kwa siku 10, jumla saa 60. Mwaka 2011 walilinganisha tiba hizi mbili kwa watoto 42, kila kundi saa 90. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Yaani si uchawi wa njia moja. Ni kazi, tena kazi nyingi, yenye lengo.

Saa 90! Nikatoa kikokotoo. Mpwa wangu anaonwa na daktari wa mazoezi mara moja kwa mwezi, nusu saa, na huyo daktari ana foleni ya watoto mpaka nje. Nusu saa mara 12 ni saa 6 kwa mwaka. Gawanya 90 kwa 6. Miaka 15. Mpwa wangu angemaliza dozi hiyo akiwa na miaka 21, labda ana ndevu.

Lakini nikapata makala ya tatu. Mwaka 2017 watafiti wa kundi hilo hilo la New York walichapisha jaribio ambalo wazazi wenyewe ndio waliowafundisha watoto nyumbani, saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 9. Hesabu ni ile ile, saa 90. Wazazi walifunzwa kwanza na kusimamiwa. Watoto wale wakawa wepesi zaidi wa kuhamisha vibao kwa mkono dhaifu kuliko kundi la kulinganisha. Nilipoona neno nyumbani nikaamka nikaswali alfajiri na furaha.

Tulimpelekea daktari wa mazoezi karatasi nilizochapisha. Nilidhani atanikasirikia, kijana wa kompyuta anamfundisha kazi. Akacheka, akasema njia anaijua, anachokosa ni saa. Akamwangalia mtoto, akathibitisha kwamba anaweza kushika na kuachia kidogo, akamwonyesha dada namna ya kupanga kazi, akatuambia tuchague malengo matatu. Dada alichagua vifungo vya shati la shule. Mama akachagua juzuu: aweze kuuzuia ukurasa usifunguke hovyo akisoma chuoni. Mtoto alipoulizwa akasema, "Tiara." Anataka kurusha tiara mwenyewe, bila mtu kumshikia uzi. Na juu ya kula, daktari akamwambia mama kwa heshima: "Mama, mwachie ale kwa ule anaouweza. Wa kulia ushike bakuli, nao uwe na kazi mezani." Mama alinyamaza. Kisha akasema Mungu hamkalifishi mtu. Leso haikuonekana tena.

Likizo ndefu ilikuwa imefika. Tukaanza Jumatatu, tarehe 4 Novemba 2024, saa tatu hadi saa tano asubuhi, dada akishauza mahamri yake. Wiki 9 zingeishia pale shule zinapofunguliwa Januari.

Na mimi, kama mnavyonijua, nikaona hapa pana pengo la programu.

Programu ya kwanza ilikuwa mchezo wa simu. Samaki wawili wanapita, mmoja kulia na mmoja kushoto mwa kioo, lazima uwaguse pamoja. Niliutunga usiku mbili nikajiona mwamba. Mpwa wangu aliutazama kama dakika moja, akatandaza vidole vya mkono wa kushoto, kidole gumba huku na kidole cha mwisho kule, akashinda ngazi zote. Nikawatenganisha samaki zaidi. Akatumia pua! Nyumba nzima ilicheka mpaka mama akashika mbavu. Lakini mimi nilipata somo: kioo cha simu kinaona nukta mbili, hakioni mikono miwili. Kompyuta inapima kile inachoweza kupima, na mtoto mwerevu atakupa kile unachopima, si kile unachotaka. Mchezo nikauzika.

Programu ya pili ilikuwa daftari la saa. Rahisi sana: dada anabonyeza kitufe kuanza, anabonyeza kumaliza, simu inaandika. Kuna kalenda ya wiki 9. Siku ikifika saa 2 inakuwa kijani, isipofika inakuwa nyekundu. Haihitaji hata mtandao. Nilijivunia nyekundu ile, nikidhani inatia bidii.

Mwisho wa wiki ya tatu nilifungua simu ya dada nikakuta nyekundu tupu. Siku 15, kijani 4. Nikamwuliza, na naandika haya kwa aibu, nikamwuliza kwa sauti ya meneja wa mradi: "Dada, kwani hamfanyi?"

Hakunijibu papo hapo. Alikuwa anakanda unga. Akaendelea kukanda, kisha akasema polepole, "Kaka, mimi naamka saa tisa usiku. Nikimaliza kuuza nakaa na huyu mtoto. Halafu usiku nafungua simu yako inaniambia mimi ni mama mbaya. Ichukue. Sitaki kuiona."

Nikataka kujitetea kwamba programu haisemi hivyo. Lakini ilikuwa inasema hivyo. Mimi ndiye niliyechagua rangi.

Nikakaa kitako jikoni nikatazama, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Nikamwona mpwa wangu juu ya mbuzi, anakuna nazi. Kifuu amekishika kwa mikono yote miwili, maana nazi haikuniki kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa unateleza, mama yake anamwambia "rudisha mwenzako," anaurudisha. Baada ya nazi wakakamua tui, mikono miwili. Akapewa donge dogo la unga alisukume, mti wa kusukumia umeshikwa huku na huku. Akachambua mchele, ungo umeegemea mkono wa kulia. Kila kazi alikuwa anaambiwa kabla: huu ushike, huu ufanye. Dada alikuwa anafanya kile kile alichofundishwa, tena vizuri kuliko ningeweza mimi. Nikatazama saa yangu. Saa moja na dakika arubaini, na simu iko juu ya kabati, haijabonyezwa.

Kwa nini? Kwa sababu mikono ya dada ilikuwa na unga. Mama mwenye unga mikononi hawezi kubonyeza kitufe.

Sisi watunzi wa programu tunawaita hawa wadudu, makosa yanayojificha ndani ya kazi yetu. Nimewahi kukutana na wadudu wengi, lakini huyu alikuwa mkubwa kuliko wote. Siku ambazo dada alifanya kazi zaidi ndizo siku ambazo mikono yake haikuwa huru kuandika, na ndizo programu yangu ilizopaka nyekundu. Nilitengeneza mashine ya kumlaumu mtu kwa bidii yake.

Nikaomba radhi. Kisha nikaiondoa programu kwenye simu yake, mbele yake, na nikatoka kwenda dukani. Nikanunua gololi na mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kuzungusha. Kanuni mpya: kila nusu saa ikiisha, mtoto mwenyewe anafungua mkebe, anatia gololi moja, anafunga. Gololi 180 ni saa 90. Hakuna kijani wala nyekundu. Gololi zinaongezeka tu, hazipungui. Na kama umeshaelewa, kufungua mkebe wenyewe ni kazi ya mikono miwili: wa kulia unakumbatia, wa kushoto unazungusha. Siku ya kwanza mkebe ulianguka mara tano. Kwa zile wiki tatu za nyuma tulikaa watatu tukakumbuka siku moja moja, tukatia gololi zake kwa makisio ya haki. Nilikuwa nikija Ijumaa, nahesabu, naandika kwangu. Hiyo ndiyo programu bora niliyowahi kutunga, na haina hata mstari mmoja.

Matokeo? Nitawapa kama yalivyo.

Tulimaliza na gololi 163, yaani saa 81 na nusu. Hatukufika 90. Kulikuwa na homa siku nne, na arusi ya jamaa wiki nzima, na arusi ya Mombasa mnaijua.

Kwa kupima nilimwomba seremala anikatie vibao vya inchi moja, nikaweka ukuta katikati ya sanduku, tukahesabu vibao vinavyovushwa kwa sekunde 60. Kipimo cha namna hii kipo hospitalini, changu ni nakala ya mtaani, kwa hiyo msikichukulie kama utafiti. Mkono wa kulia ulianza na vibao 9, ukamaliza na 15. Wa kushoto unavusha 38. Pengo bado ni pengo, na huenda litakuwepo maisha yake yote. Mafunzo haya hayaponyi mtindio wa ubongo, na anayekuambia yanaponya anataka pesa zako.

Vifungo: vya chini vinne anafunga mwenyewe, cha shingoni bado. Juzuu: ukurasa anauzuia, akisahau mwalimu wake anagusa meza tu naye anakumbuka. Kula: anakula kwa kushoto, wa kulia unashika bakuli, na siku hizi wageni wakitazama mama anawatazama na wao, mpaka wanageuza macho.

Tiara tulirusha mwisho wa Disemba, kaskazi imeshika, pale ufukweni Mama Ngina. Kigongo cha uzi kwa mkono wa kulia, kuvuta kwa kushoto. Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Baada ya dakika kumi hivi kigongo kilimponyoka na tiara ikaenda na bahari. Nilimtazama nikidhani atalia. Akaniambia, "Mjomba, mwenzangu alichoka." Halafu akauliza tuna karatasi ya kutengeneza nyingine.

Basi wasomaji, kwa wale wenye mtoto kama huyu nyumbani, nayafunga kwa machache. Anzeni na mtaalamu, si na mimi. Muulizeni kama mtoto anafaa kwa mafunzo ya mikono miwili, maana yalianza kwa watoto wa upande mmoja, na kila mtoto ana hali yake. Kwa wenye matatizo ya miguu pia, au ya pande zote mbili, kuna njia pana zaidi iliyoendelezwa Ubelgiji na Yannick Bleyenheuft na wenzake, inayofunza mikono na miguu pamoja. Chagueni malengo machache, na moja liwe la mtoto mwenyewe. Msimpigie kelele za "tumia mkono," mpangieni kazi inayouhitaji. Jiko la Kiswahili limejaa kazi hizo. Mtoto akichoka au akiumia, acheni, kesho ipo.

Na kwa watunzi wa programu wenzangu: kabla hujaandika chochote kwa ajili ya mama wa mtu, nenda ukakae jikoni kwake asubuhi moja. Tazama mikono yake iko wapi.

Mkebe bado uko dirishani Kibokoni. Likizo ya Aprili 2025 tuliuanza tena kutoka sifuri, na safari hii mpwa wangu aliufungua bila kuuangusha. Alisema gololi za mwanzo ni zake, hazirudi mkebeni, anachezea barazani. Nikamwambia sawa.

Tuonane tena, inshallah, nikirudi kwenye zile hifadhidata zenu.